Goti si bawaba ya mlango

SYDNEY, Australia – Oktoba 1, 2000, wakimbiaji wa marathoni ya Olimpiki walianzia North Sydney, wakavuka lile daraja maarufu la bandarini na kumalizia Homebush. Gezahegne Abera wa Ethiopia alitwaa dhahabu kwa saa 2:10:11, na Mkenya Erick Wainaina akachukua fedha sekunde 20 baadaye. Wiki moja kabla, Joyce Chepchumba alikuwa ameipatia Kenya shaba. Sisi Waafrika Mashariki wa mji huu hatuchoki kuwataja. Goti lililofanya kazi ile hatulitaji.

Wengi wetu hudhani goti ni bawaba. Sivyo. Ncha ya chini ya mfupa wa paja ni mviringo, na sehemu ya juu ya mfupa wa muundi inayoibeba inakaribia kuwa bapa. Ukichuchumaa, mfupa wa paja hubingirika kuelekea nyuma. Ungebingirika tu, ungeishiwa na nafasi na kuanguka, maana uso ule ni mfupi. Basi wakati huohuo huteleza kuja mbele, huku kano za ndani zikiushikilia. Wajerumani wawili, ndugu Wilhelm na Eduard Weber, waliliandika jambo hilo tangu 1836. Ukisimama wima, paja hujizungusha kidogo kwa ndani na goti likajifunga lenyewe; mlinzi wa getini analijua faida yake hata kama hajasoma.

Taabu ya watu wetu iko kwenye huko kuteleza. Wengi wanafanya kazi katika nyumba za wazee, kuinama na kuinua kutwa. Goti likiumia hufungwa kitambaa, mtu akalala wiki kadhaa. Lakini gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka tunapokanyaga. Kiungo kisichotembezwa hukaza, na kuteleza hupotea. Halafu anakuja mkandaji wetu (kila mtaa unaye) analikunja kwa nguvu! Mfupa hubingirika bila kuteleza, ukabana upande mmoja. Mtaalamu wa fiziotherapia huanza kwa kuusukuma mfupa taratibu juu ya mwenzake, ndipo akunje.

Hapa Australia mtu anaweza kumwendea mtaalamu huyo bila barua ya daktari, akijilipia. Mwenye Medicare na maradhi ya muda mrefu aombe mpango kwa daktari wake: husaidia kulipia hadi ziara 5 kwa mwaka. Goti lililovimba ghafla au kukwama baada ya kuanguka lipelekwe kwa daktari kwanza.