Istanbul kwa Mfuko wa Mwanachuo

Nilitua Istanbul na dola 140. Kati ya hizo, 20 hazikuwa za kuguswa: ni nauli ya basi kutoka Dar kwenda nyumbani Iringa, nimeikunja ndani ya soksi. Nilikuwa natoka Ujerumani nilikosoma muhula mmoja, tiketi ikipitia Uturuki, nikaomba ndege ya pili isogezwe siku nne. Wenzangu walicheka. Bumu limeisha, bado unataka utalii?

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulala Sultanahmet, mtaa wa kale wenye kila kitu ambacho watalii wanakifuata. Basi la uwanjani dola 6, kitanda katika chumba cha watu wanane dola 25, sahani ya kebabu dola 12. Asubuhi yake mng'arisha viatu akanipita, brashi yake ikadondoka. Mimi na malezi yangu nikaiokota, nikamkimbilia. Alishukuru, akang'ang'ania anisafishie viatu kama asante. Raba, jamani! Alipomaliza akadai pesa, na mwenzake akasogea. Zikanitoka lira za kama dola 10. Hosteli waliniambia huo ni mchezo wa siku nyingi, brashi ile hudondoka kutwa nzima. Ukiiona chini, mwite mwenyewe kwa mdomo, usiiguse.

Zikabaki dola 67 za siku tatu, malazi humo humo. Ndipo nikavuka maji.

Istanbul imekatwa katikati na mlangobahari wa Bosporus, upande mmoja Ulaya, mwingine Asia. Watalii wengi hulala Ulaya. Wafanyakazi na wanafunzi huvuka kila siku kwa pantoni, kama watu wa Kigamboni, tofauti ni kwamba kule unakaa kwenye benchi na kuuziwa chai. Kutoka Eminönü hadi Kadıköy ni kama dakika 20. Gatini utaitwa na wauza safari za kutalii Bosporus. Wapite tu. Pantoni ya umma inakuonyesha minara ile ile na shakwe wale wale wanaodaka vipande vya mkate, kwa nauli ya kawaida ya mji. Nunua kadi iitwayo Istanbulkart, ijaze kwenye mashine. Inafanya kazi kwenye pantoni, treni, tramu na basi.

Kadıköy nilipata kitanda kwa dola 13, katikati ya soko la samaki na mboga. Kula nako kukawa rahisi nilipojifunza neno lokanta. Ni mama ntilie wao: chakula kimepikwa tayari, unaonyesha kwa kidole. Simit, mkate wa duara uliojaa ufuta, ndiyo ilikuwa kifungua kinywa changu siku zote. Na msosi ulionishibisha kuliko yote? Nimesafiri nchi mbili nikaishia kula wali maharage! Ng'ambo ya barabara kutoka msikiti wa Süleymaniye kuna safu ya migahawa inayopika maharage meupe, yanakuja na wali pembeni. Nilikwenda mara mbili.

Msikiti wenyewe, kazi ya msanifu Sinan iliyokamilika mwaka 1557, hauna kiingilio, na uani unauona mji wote ukishuka hadi majini. Msikiti wa Sultan Ahmed nao ni bure, ila epuka saa za swala, na dada zetu wabebe mtandio. Hagia Sophia niliishia kuitazama kwa nje. Tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni analipa yuro 25 kuingia roshani ya juu. Kwangu hizo zilikuwa karibu siku mbili za kulala.

Lugha haikunisumbua nilivyoogopa. Sisi na wao tumechota kisima kimoja cha Kiarabu: kitabu ni kitap, sabuni ni sabun, dakika ni dakika. Mzee wa chai alinitazama akasema “merhaba” kabla sijafungua mdomo, nikajiona kama nimeitikiwa shikamoo ambayo sijaitoa. Kule ni salamu ya kawaida tu. Neno lenye faida zaidi ni hesap, yaani hesabu. Uliza bei kabla ya kukaa, kisha mwisho omba hesap, uisome mstari kwa mstari.

Bei za lira siwapi, zitawadanganya. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulipita asilimia 85, na bei ya mwaka jana bado haina maana. Pangeni kwa dola, mbadilishe kidogo kidogo.

Siku ya kuondoka soksi ilikuwa bado na dola zake 20, na mfukoni nilikuwa na 9. Kadi ilikuwa na salio la safari mbili. Nilimwachia kijana wa Kongo aliyefika usiku ule. Alikuwa anaulizia teksi ya kwenda Sultanahmet.