Nyuzi za Gome katika Nyanda za Kati

Nchi ya Ugogo imesifiwa kwa ng'ombe wake na kwa mibuyu yake, lakini ni wachache waliokumbuka kuisifu ile sanaa ya nyuzi iliyoviunganisha vitu hivyo viwili. Kwa kuwa ndama hafungwi, wala boma la miiba halisimami, wala fito za paa la tembe hazishikani, pasipo kamba, na kamba ya zamani, kabla mkonge haujaenea, ilitoka katika gome la mti.

Mbuyu ndio uliotegemewa zaidi. Fundi hulikata gome kwa shoka sehemu ya chini ya shina, akalibandua vipande virefu, akalitupa ganda gumu la nje na kulibakiza la ndani, lenye nyuzi zilizolaliana. Kisha hulitwanga kwa rungu, akaliroweka na kulianika, hata nyuzi zikaachana na kulainika. Hapo ndipo husokota: nyuzi mbili huviringishwa juu ya paja kwa kiganja, kila moja ikajipinda kwa upande mmoja, kisha zikarudishwa nyuma zikapindana pamoja kwa upande wa pili, na kule kupingana kwa misokoto ndiko kuizuiako kamba isifumuke. Miti mingine, ikivuliwa gome kuzunguka shina lote, hufa, maana chakula kitokacho majanini hushuka mizizini kwa njia ya gome. Lakini mbuyu huota gome jipya, na makovu yaonekanayo katika mashina ya mibuyu mikongwe aghalabu ni alama za mavuno ya babu zetu.

Mavazi ya Wagogo, watu wa mifugo, yalikuwa ngozi. Lakini ukielekea magharibi, katika misitu ya miyombo ya Unyamwezi, gome lilipondwa likawa nguo, na gome gumu likakunjwa duara na kushonwa likawa malindo ya kuwekea nafaka na asali. Huko pia pamba ilifumwa, na Richard Burton, aliyevuka Ugogo mwaka 1857 akafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, aliishuhudia kazi hiyo. Nyuzi za mtande zilitandazwa chini kati ya vigingi, na mfumi akazipitisha za mshindio juu na chini yake. Lakini taabu kubwa haikuwa kufuma. Ilikuwa kusokota, kwani uzi wote wa shuka moja, kila dhiraa yake, ulipita kwanza katika vidole vya mtu, na siku nyingi zilimalizika kabla mfumi hajaketi kazini mwake.

Taabu hiyo ndiyo iliyoishinda nguo ya nyumbani ilipokutana na merikani, nguo ya pamba iliyosokotwa na kufumwa kwa mashine huko Marekani, ikaletwa Unguja kwa merikebu za bandari ya Salem ya huko, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Misafara iliichukua bara kwa majora, na kwa kuwa Ugogo ni nchi kame, na visima vilikuwa mikononi mwa wenyeji, watemi walitoza hongo kwa doti, kila doti dhiraa nane, hata nguo ikawa ndiyo fedha ya njiani. Siwalaumu waliouacha ufumaji. Nani angesokota siku kadha wa kadha apate kile alicholetewa mlangoni kwa kubadilishana na jembe au asali?

Hata hivyo msokoto wenyewe haukufa. Mkonge ulioletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai, ulienea kutoka pwani, na singa zake zikachukua mahali pa gome. Huko Ukambani, nchini Kenya, wanawake waliosuka viondo kwa nyuzi za mbuyu walihamia mkonge, na wakaendelea kuzisokota singa zake juu ya paja.