WAYA WA ARDHI KATIKA NYUMBA: MUULIZENI FUNDI AMEPIMA NINI

Karatasi hii ni kwa familia zinazopanga nyumba mjini Gisenyi na vijiji vya karibu, na kwa wale watakaotoka kambini kwenda kupanga. Kabla ya kulipa kodi ya kwanza, tazameni umeme wa nyumba kama mnavyotazama paa na choo.

Waya wa ardhi hufanya kazi gani?

Ni waya wenye rangi ya kijani na manjano. Huunganisha chuma cha pasi, friji au jiko la umeme na fimbo iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Waya wa umeme ukichubuka ndani ya chombo na kugusa chuma chake, umeme hupata njia ya kushuka ardhini. Waya wa ardhi usipokuwapo, njia inayobaki ni mwili wa mtu anayekigusa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto mwenye miguu mitupu kwenye sakafu iliyolowa.

Uwe mnene kiasi gani?

Kanuni za kimataifa za IEC ni rahisi kukumbuka. Ikiwa waya wa umeme hauzidi milimita za mraba 16, waya wa ardhi wa shaba uwe na unene uleule:

- taa za milimita 1.5: waya wa ardhi 1.5;
- soketi (prizi) za 2.5: waya wa ardhi 2.5;
- jiko la 6: waya wa ardhi 6.

Waya wa ardhi unaopita peke yake, nje ya kebo, usipungue 2.5 ukiwa ndani ya bomba, wala 4 ukiwa wazi. Shaba tupu inayozikwa ardhini kwenda kwenye fimbo isipungue 25, kwa sababu kutu huila. Uzi mwembamba uliofungwa kwenye msumari si waya wa ardhi.

Kwa nini Gisenyi ni lazima kupima?

Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mawe ya volkano. Mawe makavu hayapitishi umeme vizuri kama udongo wenye unyevu. Tuchukue mfano: fimbo yenye ukinzani wa omu 100, na umeme wa volti 230. Chombo kikiharibika, umeme unaoshuka ardhini ni ampea 2.3 tu. Breka ya ampea 16 haitakata, na chuma cha chombo kitabaki na umeme wa kuua. Waya mnene peke yake hauondoi hatari hiyo.

Kwa hiyo panahitajika pia kifaa kinachokata umeme unaovuja, chenye alama ya 30 mA. Katika mfano wetu kingekata mara moja. Kina kitufe cha T: kibonyezeni kila mwezi, umeme ukatike. Lakini kumbukeni: kitufe hicho hujaribu kifaa chenyewe, hakipimi waya wa ardhi.

Nani akague?

Nchini Rwanda, RURA ndiyo inayotoa vibali vya mafundi wa umeme. Ombeni kuona kibali. Kisha ulizeni maswali matatu:

1. Fimbo ya ardhi iko wapi, na ukinzani wake ni omu ngapi?
2. Je, umepima kwamba waya wa ardhi unafika kwenye kila soketi?
3. Kifaa cha 30 mA kipo, na umekijaribu?

Fundi anayejua kazi hujibu kwa namba na kuziandika. Anayewasha taa na kusema "ni nzuri" hajakagua. Penye mawe, fimbo ikikataa kuingia, fundi ataongeza nyingine mbali kidogo na ya kwanza. Hataikata na kuificha.

Ukaguzi urudiwe baada ya msiba wa ardhi au maji. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba hapa. Ukuta unaopasuka unaweza kukata waya uliomo ndani. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika na kuingia katika nyumba za watu. Soketi iliyoingiwa na maji isiwashwe mpaka fundi aipime.

Mkiona hatari

Mkihisi mtekenyo mnapogusa pasi, bomba au mlango wa chuma, zimeni swichi kuu na mwiteni mwenye nyumba. Mtu akinaswa na umeme, msimshike kwa mikono: zimeni swichi kuu kwanza, ndipo mmsaidie na kumpeleka hospitali.

Msomeeni na jirani asiyejua kusoma.