Pasha mwili kwanza, kunyoosha misuli kuna wakati wake

Asubuhi za wikendi, wakazi wengi wa Nakuru hujitokeza kufanya mazoezi. Wapo wanaokwea Menengai, wanaosakata soka mitaani na wanaonyanyua vyuma kwenye jimu. Wengi huanza kwa kuinama kushika vidole vya miguu, kisha huvuta kisigino hadi makalioni na kutulia hivyo, mwili ukiwa bado na baridi ya alfajiri. Nia yao ni njema, ila mpangilio huo unafaa kubadilishwa.

Mwaka 2016, watafiti wakiongozwa na David Behm wa Chuo Kikuu cha Memorial, Kanada, walichambua tafiti nyingi kuhusu suala hili. Waligundua kwamba kuuvuta msuli na kuushikilia bila kusogea hupunguza nguvu na kasi muda mfupi baadaye, kwa wastani wa asilimia 3.7. Kinachoamua ni muda. Msuli ukishikiliwa chini ya sekunde 60, hasara ni kama asilimia 1 tu; ukizidisha hapo, inakaribia asilimia 5. Kunyoosha kwa mwendo, kama vile kurusha miguu mbele na nyuma, kuliongeza uwezo kwa asilimia 1.3.

Anayetembea kujenga afya hatahisi tofauti hiyo. Mkimbiaji wa mita 100 au mchezaji wa raga anayeingia skramu ataihisi.

Sababu kuu za nguvu kupungua ni mbili. Kwanza, msuli ukivutwa kwa muda mrefu, amri ya kujikaza inayopitia kwenye neva hupungua makali. Pili, msuli na kano zake hulegea, hivyo nguvu huchelewa kufika kwenye mfupa. Katika utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2000, misuli ya shavu la mguu ilinyooshwa kwa takriban nusu saa. Nguvu yake ilishuka kwa asilimia 28 papo hapo, na saa moja baadaye ilikuwa bado chini kwa asilimia 9.

Na wepesi wa viungo? Huongezeka kweli, lakini kwa dakika chache tu. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokana na mwili kuvumilia mvuto zaidi, si msuli kurefuka. Anayetaka wepesi wa kudumu hana budi kunyoosha mara kwa mara kwa wiki kadhaa.

Kuhusu majeraha, wanajeshi wapya 1,538 wa Australia walifuatiliwa kwa wiki 12 za mafunzo. Walionyoosha misuli ya miguu kabla ya mazoezi waliumia karibu sawa na wenzao wasionyoosha. Hata hivyo, zipo dalili kwamba katika michezo ya kasi, kunyoosha huenda kukapunguza kuchanika kwa misuli.

Wakimbiaji wa mbio ndefu nao wana la kuzingatia. Kano ya kisigino hufanya kazi kama springi: huhifadhi nguvu mguu unapokanyaga na kuirudisha unapoinuka. Huenda ndiyo maana baadhi ya tafiti zimeona kwamba wakimbiaji wenye viungo vikavu kidogo hutumia oksijeni pungufu kuliko wenzao. Nyanda za juu za Nyahururu, alikozaliwa bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya 2008, Samuel Wanjiru, zinajulikana kwa wakimbiaji wake. Desturi yao, kama ya wakimbiaji wengine wa Kenya, ni kuanza mbio za asubuhi polepole mno, kisha kuongeza kasi mwili unapopata joto. Kuanza hivyo ndiko kupasha mwili hasa.

Basi fanya hivi. Kimbia polepole kwa dakika 5 hadi 10. Ukiwa Molo au Mau Narok kwenye baridi kali, ongeza kidogo. Kisha rusha miguu, inua magoti, piga hatua ndefu ukishuka chini, na umalizie kwa mbio fupi mbili tatu za kasi inayopanda. Mchezo wako ukidai kunyumbuka sana, kama wa golikipa au mcheza sarakasi, shikilia kila msuli kwa sekunde 15 hadi 30, kisha urudie miondoko ya kasi. Kunyoosha kwa muda mrefu kuache hadi mazoezi yaishe, au kutengee jioni yake.

Walimu wa michezo shuleni ndio wanaoweza kubadilisha mazoea haya haraka zaidi, kwa kuwa mtoto hushika anachofundishwa uwanjani akabaki nacho hadi ukubwani.