Udongo wa kitalu cha maboga: Pima kwa bei ya mbegu

Mfanyabiashara mdogo anayeingiza mtaji wake katika ekari moja ya maboga huandika kwenye daftari gharama za mbegu, mbolea, vibarua na usafiri wa kwenda sokoni. Udongo wa kuoteshea miche mara nyingi hauandikwi, kwa kuwa huonekana ni kitu cha bure. Matokeo yake ni kwamba fedha ya mbegu inaweza kupotea kitaluni kabla hata mche mmoja haujafika shambani.

Ni vyema ikafahamika mapema kwamba si kila mkulima wa maboga anahitaji kitalu. Mbegu ya kienyeji iliyotolewa katika boga la msimu uliopita huweza kupandwa moja kwa moja shambani, mbili au tatu kwa shimo. Kitalu hulipa pale mbegu ni chotara ya kununua kwa punje, au pale mwenye shamba anapotaka kuwatangulia wenzake sokoni kwa wiki mbili au tatu.

Kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, ekari moja huchukua miche ipatayo 1,000. Kikombe au kiriba cha ujazo wa mililita 300 kinatosha mche mmoja, hivyo debe la lita 20 hujaza vikombe 65 hivi, na miche 1,000 huhitaji madebe 15. Hata hivyo, ujazo hupungua vitu vinapochanganywa, kwani mchanga hupenya katikati ya mboji. Anayetaka kupata madebe 15 aanze na 18: 9 ya udongo wa juu, 4 na nusu ya mboji iliyoiva na 4 na nusu ya mchanga wa mtoni.

Hesabu inayofuata ni rahisi. Bei ya debe igawanywe kwa 65, na bei ya pakiti ya mbegu igawanywe kwa idadi ya punje zilizomo. Iwapo punje moja ina bei mara kumi ya udongo wa kikombe kimoja, kubana matumizi kwenye udongo ni kujidanganya: kila mche unaokufa unaondoka na fedha ya mbegu, wala si ya udongo.

Mbegu ya boga ni kubwa na imebeba chakula chake yenyewe. Kwa sababu hiyo, katika siku za mwanzo haihitaji mbolea nyingi. Inahitaji joto, hewa na usafi. Katika joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi huota kwa siku 5 hadi 10. Udongo ukiwa wa baridi na umelowa, kama inavyotokea nyanda za juu miezi ya Juni na Julai, mbegu huoza, na iliyobahatika kuota huweza kushambuliwa na kinyausi, ule ugonjwa unaolaza mche kwenye shingo. Udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji huongeza hasara hiyo, hali kadhalika udongo uliotoka kwenye shamba la matango au matikiti, mazao ya jamii moja na boga.

Samadi mbichi ndiyo rahisi kuipata na ndiyo inayounguza mizizi. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Aidha, unga wa makumbi ya nazi, ambao ni mwepesi na hushika maji vizuri, unahitaji tahadhari. Kule Unguja na Pemba makumbi hufukiwa pwani kwa miezi kadhaa ili kupata usumba wa kamba, kwa hiyo unga wake una chumvi na sharti uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa. Pumba za mpunga zilizochomwa zikabaki nyeusi hufaa badala ya sehemu ya mchanga, na zina nafuu kwa anayelipia usafiri kwa uzito. Zikiachwa mpaka zikawa jivu jeupe hazifai. Kuhusu udongo wa msituni, unaosifiwa sana, kuuchota katika msitu wa hifadhi nchini Tanzania bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Mchanganyiko wa viwandani ni safi na mwepesi, lakini bei yake inabeba gharama za kuusafirisha. Kwa boga la kienyeji ni anasa. Kwa mbegu chotara inayooteshwa kwenye trei zenye vishimo vidogo una nafasi yake, ili mradi miche ihamishwe ndani ya wiki mbili au tatu, kwani mizizi ya boga haipendi kusumbuliwa.

Mwenye shaka na udongo aliouziwa apande kwanza mbegu za mchicha katika vikombe vitatu au vinne na kusubiri wiki moja. Mchicha ukigoma kuota au ukaungua ncha, shehena nzima ilowanishwe na kufunikwa kwa nailoni angavu juani kwa wiki 4 hadi 6 iwapo tatizo ni vimelea. Iwapo ni chumvi au samadi mbichi, irudishwe kwa muuzaji.