Televisheni Bapa Sebuleni: Tuchague Ipi?

Mwaka juzi, jioni ya Jumamosi, nilirudi kutoka zamu nikamkuta mume wangu amekaa peke yake sebuleni. Nikamuuliza kijana yuko wapi. "Yuko mpirani," akanijibu. Mpira wenyewe ulikuwa unachezwa Uingereza. Kijana wetu, wakati huo yuko kidato cha pili, alikuwa amebanana na wanaume waliokwisha kunywa ndani ya kibanda umiza kimoja hapa Kwa Sadala, si mbali na barabara kuu iendayo Arusha. Alirudi saa nne na nusu usiku, shati lake likinuka sigara.

Nilimfokea, nikiri. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa adabu, "Mama, sasa nyumbani nitaangalia nini?" Sikuwa na jibu. Televisheni yetu ilikuwa ile ya chogo, inchi 14, aliyokuja nayo baba yake tulipooana. Wenzangu wa rika langu watakumbuka kwamba huku Bara hatukuwa na kituo chetu cha televisheni mpaka mwaka 1994, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973, tena cha rangi. Kwa hiyo hata chogo lilikuwa heshima kubwa enzi hizo. Lakini lilikwisha kuchoka. Tangu mitambo ya zamani ilipozimwa na kila nyumba ikahitaji king'amuzi, lilikuwa likionyesha picha za watu wa kijani.

Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipotofautiana. Yeye alitaka inchi 55, ya mkopo, kutoka duka moja la mjini. Mimi nilikuwa nafikiria ada ya chuo ya binti yetu. Tulinuniana siku mbili. Siku ya tatu nikachukua karatasi nikajumlisha marejesho yote ya ule mkopo, mwezi kwa mwezi, nikamwekea mezani pamoja na chai. Bei ilikuwa imepanda kwa zaidi ya theluthi moja. Hakusema neno, ila mkopo haukutajwa tena. Mama mwenzangu, kama mwenzio anakuja na maneno ya "kidogo kidogo kila mwezi", usigombane naye kabla hujajumlisha.

Baada ya hapo tukakubaliana nichunguze mimi. Nikaanza na futi ya cherehani.

Inchi za televisheni hupimwa mshazari, yaani kutoka pembe ya chini ya kioo mpaka pembe ya juu ya upande wa pili, bila kuhesabu fremu. Inchi 32 ni kama sentimeta 81, inchi 43 ni 109, na inchi 55 ni 140. Nenda dukani na futi yako bila kuona haya, kwani zipo zinazoandikwa inchi nyingi kuliko kioo kilichopo. Kisha pima kutoka kochi mpaka ukutani. Umbali unaofaa ni kama mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya ule mshazari. Kwa inchi 32 ni mita 1.2 hadi 2, na kwa inchi 55 ni mita 2.1 hadi 3.5. Sebule yetu ina mita 2 kamili. Ile ya mume wangu tungeitazama kama waumini waliokaa benchi la kwanza, shingo juu.

Sasa kuhusu hiyo picha angavu inayoandikwa HD. Picha ya televisheni ni vidoti vingi vilivyopangwa safu kwa safu, na vikiwa vingi, sura ya mtu huonekana wazi zaidi. HD ya kwanza huanzia vidoti 1280 kwa 720. Inayoitwa Full HD ni 1920 kwa 1080, na 4K ni 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya hiyo. Usisome kibandiko kikubwa cha mbele peke yake. Muuzaji aweza kukwambia televisheni "inakubali 4K" akiwa na maana kwamba inapokea tu hiyo picha kisha inaipunguza iingie kwenye kioo cha chini zaidi. Mwambie akuonyeshe hizo tarakimu penye maelezo ya kioo chenyewe. Nyingi za inchi 32 utakuta ni 1366 kwa 768, na kwa chumba kidogo zinatosha kabisa. Tofauti ya Full HD utaanza kuifaidi kwenye kioo kikubwa.

Na hata ukinunua ya bei mbaya, picha haiwezi kuwa nzuri kuliko inayorushwa. Kipindi kilichorushwa kwa picha ya kawaida kikitandazwa kwenye kioo kikubwa huonekana kimefifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Tena king'amuzi chenyewe kiwe cha HD, na kiunganishwe kwa waya wa HDMI, ule mmoja wenye kichwa bapa. Nimeingia nyumba kadhaa humu Hai nikakuta televisheni mpya imeunganishwa kwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano. Hizo hazipitishi HD. Watu wamelipia kitu wasichokiona.

Shemeji yangu alimletea mama mkwe inchi 55 wakati wa Krismasi, mnajua wenyewe jinsi watu wa Dar es Salaam wanavyorudi Desemba na mizigo. Ilikuwa zawadi ya upendo. Lakini miguu ya televisheni ilikuwa imeachana kuliko upana wa meza ya bibi, na ukuta wa nyumba ya kihambani ni wa mbao, hauwezi kubeba misumari ya kuitundika. Ilikaa kwenye sanduku lake mpaka fundi alipotengeneza meza nyingine, mwezi Februari. Basi pima na miguu pia. Na kama una ndugu Marekani anayetaka kukutumia, mwambie asome kwanza maandishi ya nyuma. Kule umeme ni volti 120 na kwetu ni 230. Ikiandikwa 100–240 haina shida.

Kwa umeme wa LUKU, hapa chogo limeshindwa. Televisheni ya LED ya inchi 32 hutumia kama wati 40. Ukiiwasha saa tano kila siku, kwa mwezi ni yuniti 6 hivi. Ongeza kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka, na wakati wa masika radi zinapoanza kupiga, chomoa waya wa umeme na wa antena pia. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Niruhusuni sasa niseme kama muuguzi. Miaka kadhaa iliyopita tulipokea mtoto mdogo aliyevuta droo za kabati ili apande achukue rimoti. Kabati liliinama na televisheni ikamwangukia. Alipona, ila sitasahau jinsi mama yake alivyokuwa akirudia, "Nilikuwa jikoni tu." Watu hudhani hizi bapa ni salama kwa kuwa ni nyepesi. Kumbe wembamba wake ndio unaozifanya zipinduke upesi. Nyuma yake kuna matundu ya skrubu. Nunua mkanda, ifunge ukutani au kwenye kabati lililofungwa ukutani, na rimoti isiwekwe juu ya kabati kamwe.

Akina mama huniuliza pia kuhusu macho. Kukaa karibu na kioo huchosha macho, hakuyaui. Lakini mtoto anayesogea karibu kila mara, hata ukimrudisha, huenda haoni mbali. Mpeleke apimwe; hapa Moshi tunayo idara ya macho pale KCMC. Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto asiyetimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, tena ikipungua ndiyo vizuri. Najua jinsi ilivyo rahisi kumwacha mbele ya katuni ukapata nafasi ya kumenya ndizi. Hata mimi nimefanya.

Tulinunua inchi 32, HD ya kawaida, taslimu, kwa akiba ya kikundi chetu cha akina mama. Nilidai iwashwe pale dukani, nikakagua kioo kama kina vidoti vyeusi, nikachukua risiti na karatasi ya waranti. Baada ya kujisifu hivyo niliiharibu mwenyewe wiki ya pili. Niliona alama za vidole, nikachukua spiriti na pamba kama navyosafisha vifaa vya kazini. Utando wa juu ya kioo ukababuka, na doa jeupe lipo pembeni mpaka leo. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kingetosha.

Kijana sasa anaangalia mpira nyumbani, pamoja na rafiki zake wanne au watano, na sukari yangu haimalizi wiki. Sijashinda moja kwa moja. Mwezi Machi kifurushi kilikatika siku ya mechi kubwa na sote hatukuwa na hela, akaenda tena kibandani. Safari hii baba yake alimfuata, akakaa naye mpaka filimbi ya mwisho, wakarudi wakibishana juu ya penalti. Niliwasikia tangu getini.