Kulika kwa vali za injini ya pikipiki

Kulika kwa vali za injini ya pikipiki ni hali ambapo vali, kiti chake au mwongozo wa shina lake huchakaa hadi vali ishindwe kuziba chumba cha mwako. Bodaboda nyingi za Afrika Mashariki zina injini ya mapigo manne yenye silinda moja na vali mbili: moja ya kuingiza hewa na petroli, nyingine ya kutoa moshi. Mkoani Kagera, pikipiki hizo hubeba abiria, mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa katika vilima vya Bukoba na Muleba. Dereva wa mkataba, yaani anayemlipa mwenye chombo kidogo kidogo hadi kiwe chake, hukosa kipato chombo kikiwa gereji. Ndiyo maana ni muhimu kujua ugonjwa kabla ya kununua vipuri.

Sababu

Vali ya moshi hupoza joto lake hasa inapogusa kiti chake. Nafasi kati ya roka na ncha ya shina ikiwa ndogo mno, vali haifungi kabisa na ukingo wake huungua. Kosa hili hutokea mara nyingi dereva anapolalamikia mlio wa "tk-tk" na fundi akakaza roka ili injini inyamaze. Aidha, kadiri vali inavyozama kwenye kiti chake, ndivyo nafasi hiyo inavyopungua. Injini iliyokimya si lazima iwe nzima. Sababu nyingine ni vumbi linalopita kwenye chujio bovu la hewa, oili chafu, na mzigo mzito mlimani.

Dalili

* Pikipiki kuwaka kwa shida na kukosa nguvu mlimani.
* Mlipuko kwenye bomba la moshi, au kwenye kabureta kama vali ya kuingiza inavuja.
* Moshi wa bluu dereva anapoongeza mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu. Hii huashiria mwongozo au sili ya shina. Moshi wa bluu usiokatika wakati wa kupanda huashiria zaidi ringi za pistoni.

Kupima kabla ya kufungua

Kwanza hupimwa nafasi ya vali kwa fila geji, injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu mwisho wa pigo la kugandamiza. Kwa injini ndogo nyingi nafasi huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10; kipimo sahihi ni cha kitabu cha pikipiki husika.

Baada ya kurekebisha nafasi, hupimwa mgandamizo kwa geji kwenye tundu la plagi, kabureta ikiwa wazi kabisa. Mgandamizo ukiwa mdogo, kijiko kidogo cha oili humiminwa ndani na kupimwa tena. Ukipanda, ringi au silinda imelika. Usipopanda, kasoro ni ya vali au gasketi ya kichwa cha silinda.

Mahali pia huathiri kipimo. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko pwani. Kwa hiyo injini nzima huko Bukoba husoma mgandamizo mdogo kuliko Dar es Salaam, na vilimani Muleba husoma mdogo zaidi. Fundi asiyezingatia hilo anaweza kuhukumu vali zisizo na kosa.

Ukaguzi baada ya kufungua

Kichwa cha silinda hugeuzwa na petroli kidogo kumiminwa kwenye njia ya hewa, kisha ya moshi, vali zikiwa zimefungwa. Petroli ikipenya hadi chumba cha mwako, vali hiyo inavuja. Kazi hii hufanywa mbali na moto.

Vali ikitolewa, huangaliwa mashimo na alama za kuungua ukingoni, shina kupinda au kuwa jembamba, na kuchezacheza ndani ya mwongozo.

Matengenezo

Madoa madogo huondolewa kwa kusaga vali na kiti chake kwa grisi ya kusagia, ambayo husafishwa yote baadaye. Vali iliyoungua, kupinda au kubaki na ukingo mwembamba hubadilishwa. Vali mpya haitadumu kwenye mwongozo uliolegea, hivyo mwongozo nao hubadilishwa. Mwisho, nafasi hupimwa tena, na hurudiwa baada ya pikipiki kutembea kidogo.